Mgeni siku ya tatu usimpe jembe: kumpokea mtu kwako England wakati viza yake haieleweki

Meseji inaingia saa tano usiku. "Kaka samahani kwa usumbufu, kampuni imenyang'anywa leseni na kwenye nyumba ya kampuni tumeambiwa tutoke, naomba nijibanze kwako wiki moja tu." Mtu mwenyewe ni mtoto wa mama mdogo, au mlisoma naye, au ni binti wa jirani kule Tanga ambaye mama yake ndo alikuwa anakupa chai wakati mama yako yuko sokoni. Utasema nini? Unasema njoo. Alafu unalala macho wazi unajiuliza, je nikikutwa naye?

Mi nimepitia hii. Binamu yangu aliomba wiki moja akakaa sebuleni kwetu miezi minne, na miezi yote minne nilikuwa napewa ushauri bure, msikitini, kwenye magrupu ya WhatsApp, kazini, mmoja ananiambia utafungwa wewe na watoto watachukuliwa, mwingine ananiambia hamna shida kabisa wewe mchaji tu pauni mia nne kwa mwezi, na kumbe huyo wa pili ndo alikuwa hatari kuliko wa kwanza. Mi si mwanasheria, naendesha forklifti bohari, ila nilisoma, niliuliza, nililipia nusu saa ya mwanasheria, na hiki ndo nilichotoka nacho. Naongelea England. Scotland, Wales na Northern Ireland kuna tofauti, ntazitaja zikifika.

Hatua ya 1: jua mgeni wako yuko wapi hasa kwenye karatasi

Sisi tunasema "hana karatasi" kwa kila mtu mwenye wasiwasi, na hapo ndo tunapoanza kukosea, maana watu watano waliolala kwenye sofa tano wanaweza kuwa na hali tano tofauti kisheria.

Chukua hawa wa viza ya kea, yaani kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa. Mlango ulifunguliwa Februari 2022, watu wakaja kwa maelfu, wengine wameuza kiwanja kumlipa agenti, alafu kampuni nyingi zikanyang'anywa leseni ya kusponsa, ile inayoruhusu kuajiri mtu kwa viza. Tangu tarehe 11 Machi 2024 kea hawezi kuja na mke wala watoto, na tangu 22 Julai 2025 kampuni haziruhusiwi tena kuleta kea mpya kutoka nje. Sasa sikiliza vizuri: kampuni ikipoteza leseni, mfanyakazi hageuki kuwa mtoro asubuhi yake. Anaendelea kuwa halali mpaka Home Office, wizara inayoshughulikia uhamiaji, wamwandikie kuwa viza inakatwa, na wakimwandikia kwa kawaida wanampa siku 60, au chache zaidi kama viza yenyewe ilikuwa inaisha kabla ya hapo. Katika siku hizo bado yuko kihalali. Binamu yangu wiki zake za kwanza zote kwangu alikuwa halali kabisa, na mtaani walishamwita kila jina.

Ila kuna mtego. Hiyo barua inakuja kwa imeili, na agenti wake aliyemjazia maombi aliweka imeili ya agenti mwenyewe. Siku 60 zinaweza kuanza kuhesabiwa wewe huna habari. Kwa hiyo usiku wa kwanza, au wa pili akishapumzika, mwambie kwa upole, "mdogo wangu, tufungue pamoja hiyo akaunti yako ya viza tuangalie." Kadi za zamani zile za plastiki ziliishiwa mwisho wa 2024, sasa hivi kila kitu ni eVisa, kipo mtandaoni. Mle ndani tarehe ya mwisho inaonekana, na ahakikishe pia imeili na namba ya simu zilizoandikwa humo ni zake, kama si zake abadilishe hapo hapo.

Wa pili ni yule aliyetuma maombi mapya kabla viza haijaisha na bado anasubiri jibu. Huyu ruhusa yake ya zamani inaendelea yenyewe mpaka apate jibu, kwa masharti yale yale. Ndo ile watu wanaita 3C. Anaweza kuwa na viza iliyoonyesha kuisha mwezi wa tatu na akawa halali mwezi wa tisa. Ila lazima awe na uthibitisho kwamba maombi yalitumwa kabla ya tarehe, risiti, imeili, kitu.

Wa tatu ameomba hifadhi ya ukimbizi. Ana kadi inaitwa ARC, mara nyingi ana masharti ya kuripoti na anuani waliyomwandikia. Akihamia kwako bila kuwaambia amejiharibia kesi mwenyewe, kwa hiyo hapo jambo la kwanza ni kutoa taarifa ya anuani, tena kupitia mwanasheria wake kama anaye.

Wa nne ni mgeni wa kutembea, viza ya miezi sita, mara nyingi ni mama mkwe au shangazi. Yuko halali mpaka siku ya mwisho, hapaswi kufanya kazi, basi.

Wa tano ndo yule ambaye kweli muda umepita. Na hapa nivunje hadithi moja: mtu atakuambia "kuna siku 14 za nyongeza." Hakuna. Zile siku 14 maana yake ni kwamba akichelewa kutuma maombi ndani ya muda huo na ana sababu nzito, Home Office wanaweza kutomkatalia kwa kosa la kuchelewa. Hazimfanyi kuwa halali hata siku moja.

Hatua ya 2: suala la pesa, amua kabla hajafungua begi

Hii ndo hatua yenyewe, nyingine zote ni za kuzungukia.

England kuna sheria wanaita Right to Rent, ipo nchi nzima tangu tarehe 1 Februari 2016. Inasema mwenye kupangisha lazima akague kama mtu mzima anayempangisha ana ruhusa ya kuwa hapa. Wengi wanadhani hiyo ni ya matajiri wenye majumba. Hapana, wewe mwenyewe ambaye umepanga, ukimpa mtu chumba kwa pesa, wewe ndo umekuwa mwenye nyumba wake. Faini zamani ilikuwa pauni 80 kwa mpangaji wa chumba ndani ya nyumba yako, watu wanaicheka. Tangu 13 Februari 2024 ni mpaka pauni 5,000 kwa kila mtu kama anaishi na wewe ndani, mpaka 10,000 kama umempangisha nyumba nzima, na ukirudia zinapanda mara mbili, 10,000 na 20,000. Na kama ulijua, au ulikuwa na kila sababu ya kujua kwamba hana ruhusa na bado ukapokea kodi, hiyo inaacha kuwa faini tu, inakuwa jinai, kifungo mpaka miaka mitano.

Sasa upande wa pili wa hiyo sheria ambao hakuna mtu anakuambia: inahusu kodi. Mtu amelala kwenye sofa yako bure, hakuna kodi, hakuna kupangisha, basi hiyo sheria haikugusi. Ndo maana nasema yule jamaa wa pauni mia nne alikuwa ananipeleka shimoni. Binamu halali wa siku 60 angekuwa mpangaji ambaye sijamkagua, siku zikiisha naye bado ananilipa ndo nimekwisha.

Na usijidanganye na majina. Ukisema "si kodi, ni mchango wa umeme tu" alafu kila tarehe moja inaingia pauni 250 kwenye akaunti yako, sheria inasema kodi ni pamoja na malipo yoyote yenye sura ya kodi, na hiyo ina sura mpaka na pua. Akienda dukani mwenyewe akanunua mchele na mafuta akapika, huyo ni mgeni mwenye adabu. Mi nilimwambia wazi binamu, "pesa yako weka kwa ajili ya mwanasheria, hapa usinipe hata senti", na mke wangu alinuna kidogo maana bili ya gesi ilikuwa inapaa, ila baadae alielewa.

Kama lazima alipe, labda wewe mwenyewe hali ni ngumu na huyo mtu bado ana ruhusa, basi fanya kihalali. Akupe share code ya Right to Rent, yaani namba ya kuthibitisha ruhusa yake mtandaoni, inaanza na herufi R, uiangalie kwenye tovuti ya serikali pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa, uone picha ni yeye, uhifadhi ule ukurasa muda wote akiwa kwako na mwaka mmoja baada ya kutoka. Kama anasubiri jibu la maombi au rufaa na share code haitoki, kuna Landlord Checking Service, huduma ya Home Office ya kuwakagulia wenye nyumba, unawaandikia mtandaoni na kwa kawaida wanajibu ndani ya siku mbili za kazi. Ila ujue mapema: kama ruhusa yake ina mwisho utatakiwa kukagua tena, na ukikuta imeisha, ili ubaki salama unatakiwa kuripoti Home Office. Jiulize sasa hivi kama utaweza kumripoti mtoto wa mama mdogo. Kama huwezi, usichukue kodi yake.

Scotland, Wales na Northern Ireland hiyo Right to Rent haipo. Haya mengine yanayofuata mengi yapo.

Hatua ya 3: soma mkataba wako wewe

Watu tunaogopa Home Office kumbe anayeweza kukutoa nje haraka ni mwenye nyumba wako. Tafuta ule mkataba, soma sehemu ya wageni. Mikataba mingi ya binafsi inataja siku ngapi mgeni anaweza kulala na inakataza kuweka mtu mwingine bila idhini. Kama uko nyumba ya kaunsili au shirika la nyumba, sheria zake ni nyingine, piga simu uulize bila kutaja mambo ya viza ya mtu, swali lako ni moja tu, "naweza kukaa na ndugu yangu kwa muda?" Na hesabu vichwa, maana vyumba viwili na watu wazima watano inaweza kuhesabiwa msongamano hata kama wote wana pasipoti ya Uingereza.

Alafu Council Tax, ile kodi ya nyumba unayolipa kaunsili. Kama unaishi peke yako na unapata punguzo la asilimia 25, mgeni akifanya kwako ndo nyumbani kwake hilo punguzo halipo tena, na unatakiwa kuwaambia wewe. Mgeni wa wiki mbili ambaye kwake ni kwingine hahesabiki. Universal Credit, ile benefiti ya serikali, ni hivyo hivyo, kama wanakulipia kodi ya nyumba na mtu mzima wa miaka 21 na zaidi amehamia kwako, wanaweza kukukata zaidi ya pauni 90 kwa mwezi kwa sababu yake. Nyamaza miezi sita alafu wagundue, hapo unadaiwa na unaweza kushtakiwa kwa udanganyifu wa benefiti, na kesi hiyo haina uhusiano wowote na uhamiaji. Niliona jamaa mmoja ameogopa maafisa wa uhamiaji mwaka mzima, kilichompata ni barua ya benefiti.

Hatua ya 4: jembe

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. England usimpe.

Mtu amekaa bure, anajisikia vibaya, wewe na mke mnafanya shifti, nani anawapeleka watoto shule? "Shangazi yupo." Shangazi kuwachukua wajukuu siku moja moja ni mambo ya familia. Lakini shangazi wa viza ya matembezi ambaye ameletwa ili awe yaya, kila siku saa moja asubuhi mpaka jioni, hiyo ni kazi, na viza yake haimruhusu, na ukimlipa wewe ndo mwajiri. Faini ya kumwajiri mtu asiye na ruhusa tangu Februari 2024 inafika pauni 45,000 kwa kila mtu kwa kosa la kwanza, 60,000 ukirudia. Haisemi kampuni kubwa tu.

Na kutomlipa sio dawa, inaweza kuwa mbaya zaidi. Mtu anapika, anafua, analea watoto kutwa, halipwi, anaogopa kutoka kwa sababu ya viza, na pasipoti yake umemuwekea wewe kabatini "isipotee." Hiyo picha ukimwelezea polisi hapa ataitafsiri kwa Sheria ya Utumwa wa Kisasa ya 2015. Wewe unajua ulikuwa unamsaidia, ila siku mkigombana hadithi itasimuliwa na yeye. Pasipoti akae nayo mwenyewe, funguo awe nazo, atoke na arudi apendavyo.

Kuhusu wa kea: kampuni ikishakufa, hawezi kuanza kwa sponsa mpya mpaka maombi mapya yakubaliwe. Zile saa 20 za ziada ambazo watu wanazitaja zilikuwa zinategemea kazi ya sponsa wake, kazi hiyo ikifa na zenyewe zinakufa. Kwa hiyo usimtafutie shifti za mkononi kwa rafiki yako mwenye mgahawa, unamtafutia rafiki yako faini na unamharibia mgeni viza inayokuja.

Hatua ya 5: gari, akaunti, jina lako

Fupi tu. Gari usimpe kama hujaona leseni yake na bima haina jina lake. Ukiruhusu mtu aendeshe bila bima, kosa ni lako pia, pointi 6 mpaka 8 kwenye leseni yako. Akaunti ya benki usimpe apitishie mshahara, benki wataifunga na utaanza kuelezea pesa si zako. Na ile biashara ya kumkodishia mtu akaunti yako ya kupeleka chakula kwa baiskeli, achana nayo kabisa.

Hatua ya 6: usiandike uongo, hata wa huruma

Kuna kifungu cha 25 cha Sheria ya Uhamiaji ya 1971, ndo hicho watu wanachotishia nacho. Kinahusu kumsaidia mtu kuvunja sheria ya uhamiaji huku unajua au una sababu ya kujua. Tangu 28 Juni 2022 adhabu ya juu ni kifungo cha maisha, kabla ilikuwa miaka 14. Usizimie. Kesi zinazosikika mahakamani chini yake ni za kuvusha watu, ndoa za kununua, karatasi feki. Lakini maneno yake ni mapana, kwa hiyo kama mgeni wako ni yule wa tano, muda umepita na hana maombi yoyote, usitegemee andiko langu, nenda kwa mwanasheria wewe pia, sio yeye tu.

Kinachowavuta watu wa kawaida kwenye hatari ni karatasi ndogo ndogo. Barua ya kusema amekaa kwako tangu mwaka juzi wakati amekuja juzi. Barua ya mwaliko inayosema ni dada yako wa damu. Mkataba wa kazi kwenye kampuni ya rafiki ambayo haina kazi. Kama umemwalika mgeni kihalali na akaamua mwenyewe kutorudi, mwaliko wako wa kweli haukufanyi mhalifu. Uongo ndo unakufanya.

Andika yaliyo kweli tu: amekuja tarehe fulani, analala sebuleni, halipi, anatafuta sponsa au anasubiri jibu. Mi niliandika hivyo kwenye karatasi moja, tukasaini wote wawili, nikaiweka kwenye faili la bili. Binamu aliona kama namfukuza. Nikamwambia hapana, hii inakulinda na wewe.

Hatua ya 7: mlango ukigongwa

Kwa kawaida maafisa wa uhamiaji wanahitaji kibali kilichotolewa na hakimu au ruhusa yako wewe ndo waingie nyumbani. Ukifungua mlango ukasema karibuni, umeshatoa ruhusa, na sisi kwa malezi yetu ya karibu karibu hapo ndo tunaponaswa. Uliza kwa adabu, "naomba kuona kitambulisho na kibali", wakionyeshe dirishani au wakipitishe kwenye tundu la barua, soma anuani ni yako na tarehe ni sahihi. Kibali kikiwepo, simama pembeni. Usizuie mlango, usisukume mtu, kumzuia afisa ni kosa. Na usiseme "hayupo" wakati yuko chooni, ukishindwa la kusema nyamaza au sema utaongea mbele ya mwanasheria. Watoto wafundishwe jambo moja tu, mlango anafungua mtu mzima.

Hatua ya 8: mpeleke kwa mtu sahihi, na muwekeane tarehe

Kumsomea barua na kumtafsiria hiyo ni kazi ya ndugu. Kumjazia maombi ya viza kwa pauni mia mbili bila kusajiliwa ni kosa la jinai, na wapo wengi wanafanya hivyo kwenye jamii zetu, wanakuja na suti na laptopu. Mshauri wa kweli ni wakili, au aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, ambayo mpaka Januari 2025 ilikuwa inaitwa OISC, na jina lake unalitafuta mwenyewe mtandaoni kwenye orodha yao kabla hujalipa. Citizens Advice, shirika la ushauri, wanatoa ushauri wa kuanzia bure. Akiumwa asiogope, kujisajili kwa daktari wa mtaa hakuhitaji viza wala barua ya anuani, hospitali kubwa ndo kunaweza kuwa na bili.

Kwa wa kea kuna kitu kimoja cha kufuatilia: tangu Aprili 2025 kampuni za kea England zinatakiwa kwanza kujaribu kuchukua waliopoteza sponsa walio ndani ya nchi, na kuna ofisi za kanda zinazowaunganisha. Ajiandikishe wiki ile ile ya kwanza, asisubiri siku ya 50 kama tulivyofanya sisi.

Na tarehe. Usiku ule wa kwanza sema, "tutakaa mpaka tarehe hii, tukifika hapo tunaongea upya", iwe tarehe ya kwenye kalenda, isiwe "mambo yakikaa sawa." Sisi hatukusema. Mwezi wa tatu mke wangu alikuwa anavaa hijabu kwenda kuchukua maji jikoni kwake mwenyewe, na mi nilikuwa narudi shifti ya usiku nakaa kwenye gari nusu saa ili nisimwamshe mtu kwenye sofa. Binamu alipata sponsa Yorkshire siku ya 57, maombi yakatumwa siku ya 58, jibu likaja wiki nyingi baadae na muda wote huo alikuwa halali kwa ile 3C. Aliondoka na mabegi mawili na blanketi letu la bluu, hilo sikumdai.